Somo la Afya: Kujitayarisha Kurudi Koitobos

Somo la toleo hili mmeliomba wenyewe. Tangu kikundi cha watu wazima kutoka Kitale na Bungoma kilipojaribu kupanda Mlima Elgon mwezi wa pili mwaka jana, na zaidi ya nusu yao wakarudi kabla ya kufika kilele cha Koitobos, nimeulizwa swali hilo hilo kila mahali: kwenye mikutano ya vikundi vya akiba, kwenye stendi ya matatu, hata kwenye matanga. Tulishindwa kwa nini? Na tukitaka kurudi, tufanye nini?

Kuna majibu mawili yanayozunguka, na yote mawili yananisumbua. La kwanza ni la akina mama na wazee: "Tumeshazeeka, mlima ni wa vijana." La pili ni la vijana, na la wanaume wachache wasiopenda kushindwa: "Ilikuwa bahati mbaya tu. Tukirudi tutapanda kwa nguvu." Jibu la kwanza linamkalisha mtu wa miaka 45 chini kama aliyemaliza kazi yake duniani. La pili linaweza kumleta mtu nyumbani kwa machela.

Chukueni mfano mmoja, ambao nautoa kwa ruhusa ya mwenyewe bila kumtaja jina. Ni mama wa miaka 46 kutoka upande wa Cheptais. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakamua, analima, anateka maji, anapeleka mboga sokoni. Hakuna mtu kijijini anayeweza kumwita mvivu. Lakini siku ya mlima alitembea muda wa lisaa limoja tu, moyo ukapiga kama ngoma, miguu ikawa kama ya mtu mwingine, akaketi kwenye jiwe. Aliporudi nyumbani aliacha hata kuja mikutanoni kwa kuona haya. Wapo wanaosema kupanda mlima ni starehe ya wageni. Kwa huyu mama sivyo. Wakati wa mapigano ya Mlima Elgon, kati ya 2006 na 2008, alishuka mlima huo usiku akikimbia na watoto, na tangu hapo hakuwahi kuupanda kwa hiari yake mwenyewe. Alitaka mara moja afike juu, asimame, aangalie kwao bila kukimbizwa na mtu. Kwa hiyo somo hili ni lake kwanza, halafu ni letu sote.

Tunapanda nini hasa?

Koitobos iko mita 4,222 juu ya usawa wa bahari. Si kilele kirefu kuliko vyote vya Elgon. Hicho ni Wagagai, mita 4,321, na kiko upande wa Uganda. Mji wa Kitale uko kama mita 1,900 na Bungoma kama mita 1,400. Kumbukeni hizo namba kwa sababu tutazirudia.

Wengi wetu tunaingilia lango la Chorlim, upande wa Endebess, ambako si mbali na Kitale. Barabara ndani ya mbuga inapita msitu wa miti mikubwa, halafu mianzi, na gari lenye nguvu linaweza kufika karibu mita 3,500 kama hakuna matope. Kutoka hapo ni kutembea kwa miguu, kama masaa matatu ya kupanda kwa mtu wa kawaida, halafu kushuka tena. Ukiisikia hivyo unasema, masaa matatu tu? Mimi natembea hivyo nikienda matangani! Ndio maana watu wanaenda bila kujitayarisha. Lakini hayo masaa si kama ya barabara ya Kiminini. Hewa ni nyepesi, njia inapanda mfululizo, na mwisho karibu na kilele kuna mawe.

Uliza kwanza nini kilikurudisha

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Watu waliorudi njiani hawakurudishwa na kitu kimoja. Nilipowauliza mmoja mmoja, wengine walisema ni pumzi. Wengine ni miguu. Wengine, na hasa vijana wawili wenye nguvu sana, ni kichwa kuuma na kutapika. Wachache ni viatu tu. Kila moja ina dawa yake, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Mtu aliyerudishwa na kichwa anaweza kukimbia kila asubuhi miezi mitatu, arudi mlimani na misuli kama ya ng'ombe dume, na kichwa kiume vile vile.

Kwa hiyo kabla hujaanza mazoezi yoyote, keti ujiulize kwa ukweli: nilipogeuka, ni nini kiliniambia geuka? Pumzi ilikata nikiwa bado kichwa kizuri? Mapaja yalikataa? Nilipanda vizuri lakini magoti yakanitesa wakati wa kushuka? Au nilianza kuona kizunguzungu na kuchukia chakula?

Habari ya kichwa

Nianze na hii kwa sababu haieleweki na ni ya hatari. Ugonjwa wa mwinuko unaweza kumshika mtu yeyote akipita kama mita 2,500 kwa haraka. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu usio wa kawaida na kukosa usingizi. Haujali nguvu zako. Kijana mwenye mazoezi anaweza kuugua zaidi kwa sababu anapanda upesi, mwili haupati nafasi ya kuzoea.

Sasa angalia safari yetu ilivyokuwa. Watu wa Bungoma waliondoka nyumbani usiku wakiwa mita 1,400. Saa tatu asubuhi gari liliwaweka mita 3,500. Mchana walitakiwa wawe mita 4,222. Ni karibu mita 2,800 kwa nusu siku! Wataalamu wa mwinuko wanashauri kwamba mtu akishapita mita 3,000 asipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku. Safari yetu ya siku moja ilisaidika kwa jambo moja tu, kwamba tulishuka kabla ya usiku.

Dawa yake kubwa ni muda. Lala usiku mmoja ndani ya mbuga badala ya kutoka nyumbani alfajiri, na ukiweza, lala mbili. Gari likifika mwisho wa barabara, msiruke na kuanza kupanda. Kunyweni chai, tembeeni tembeeni hapo karibu, mwili usikie mahali ulipo. Iko dawa ya vidonge ya kusaidia mwili kuzoea, lakini ni ya kuandikiwa na daktari anayejua magonjwa yako, si ya kuazimana kama panadol.

Kichwa kikiuma kidogo, simama, pumzika, kunywa maji, usipande zaidi mpaka kitulie. Kikizidi, shuka. Na mwenzenu akianza kupepesuka kama mlevi, au kuongea maneno yasiyoeleweka, au kukosa pumzi hata akiwa ameketi, au kukohoa povu, hapo hakuna mjadala wala kungoja gari lipatikane: ashushwe mara hiyo, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali. Hiyo inaua.

Hewa nyepesi na Ben Jipcho

Hata kama kichwa chako ni kizuri, hewa ya juu inapunguza nguvu. Mombasa ukivuta pumzi moja unapata oksijeni kamili. Kitale unapata kama asilimia 80 ya ile. Koitobos ni kama asilimia 60. Kwa hiyo mtu akiwa juu hawezi kufanya kazi kwa kiasi kile anachofanya nyumbani. Anapoteza takriban robo ya uwezo wake, hata awe amefanya mazoezi vipi. Ndiyo kusema ule mwendo unaokufaa barabarani haukufai kule.

Mfano mzuri tunao hapa hapa kwetu. Ben Jipcho, mwana wa Mlima Elgon aliyezaliwa 1943 na kufariki Julai 2020, wengi wanamkumbuka kwa medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji huko Munich 1972, na dhahabu mbili za michezo ya Jumuiya ya Madola 1974. Lakini mbio yake ninayotaka mwikumbuke ni ya mita 1,500 huko Mexico City, Oktoba 1968. Mji ule uko kama mita 2,240, na Mmarekani Jim Ryun, aliyekuwa na rekodi ya dunia, alikuwa na mbio ya mwisho ya kutisha. Jipcho alitangulia mbele akakimbia mzunguko wa kwanza kwa kama sekunde 56, mwendo wa kichaa kwa hewa ile, ili kuvuta mbio na kumchosha Ryun. Kipchoge Keino akaupokea mwendo, akashinda kwa mbali. Na Jipcho mwenyewe? Alimaliza wa kumi.

Yeye alijua anafanya nini na alifanya kwa ajili ya mwenzake. Lakini vijana wetu waliotoka mbio kwenye maegesho ya magari, wakipiga kelele na kuwacheka akina mama, walikuwa wanamfanyia nani? Baada ya nusu saa akina mama waliwapita wakiwa wamelala kwenye nyasi. Mwendo wa juu ni ule ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Ukiona unasema maneno mawili halafu unameza hewa, umepita kiasi. Punguza, hata kama ni hatua moja kwa pumzi moja.

Wakati huo huo tusidharau faida ya nyumbani. Mtu wa Kitale ana nafuu kidogo kuliko mtu wa Bungoma kwa sababu anaishi juu zaidi, na wote wawili wana nafuu kuliko ndugu anayetoka Mombasa likizoni akataka kupandishwa siku ya pili. Huyo mwambieni angoje.

Pima kabla ya kutoa jasho

Yule mama wa Cheptais nilimsihi aende akapimwe kabla ya mazoezi. Damu ilikuwa 9. Kwa mwanamke asiye na mimba tunataka isipungue 12, na kwa mwanamume 13. Sasa elewa: mlimani hewa ni kidogo, na gari la kubebea hiyo hewa mwilini ndiyo damu. Yeye alikuwa anapanda na magari machache kwenye barabara mbovu. Wala si uzee, wala si uvivu! Na kwa kazi zake za kila siku alikuwa amezoea kuchoka hivyo akadhani ndiyo maisha ya mama.

Huku kwetu upungufu wa damu unaletwa na mambo mengi: malaria, ambayo Bungoma haituachi, minyoo, hedhi nyingi, kuzaa mfululizo, na chakula. Ukipewa vidonge vya kuongeza damu uvimeze miezi mitatu au zaidi kama utakavyoambiwa, usiache ukijisikia vizuri wiki ya tatu. Maharagwe, managu, saga, kunde, omena, na maini yakipatikana, ni msaada. Kula na mapera au machungwa ili ile madini ya chuma iingie mwilini. Na jambo ambalo watu hawapendi kulisikia: chai pamoja na chakula inazuia madini hayo. Sisemi muache chai, nani atanisikiliza? Nasema ngojeni kama lisaa limoja baada ya kula.

Mpimwe pia pressure na sukari, hasa mliopita miaka 40. Pressure ikiwa juu, si mwisho wa safari, lakini itulizwe kwanza na daktari akubali. Mwenye maumivu ya kifua akipanda kilima, au anayezimia, asianze kabisa bila kuonwa. Watu wenye ugonjwa wa selimundu, ambao katika eneo letu la magharibi ni wengi, wasipande kule; hewa nyepesi inaweza kuwaletea maumivu makali na hatari kubwa. Hata mwenye kurithi upande mmoja tu, ambaye haugui, amwulize daktari kwanza. Na ukiugua malaria katikati ya mazoezi, acha mpaka upone, halafu uanze kwa nusu ya ulipofikia.

"Lakini sisi tunatembea kila siku"

Hili nalo nimelisikia sana. Ni kweli, na inasaidia. Lakini angalieni siku zetu kwa makini. Tunatembea mwendo mfupi mfupi, mahali tambarare, tukisimama kusalimiana. Na siku hizi hata kilomita 2 ni boda boda. Jembe linachosha mgongo na mikono. Mlima unataka mapaja, mashavu ya miguu na mapafu, kwa masaa bila kukatika. Mwili hutayarishwa kwa kazi ile ile utakayoifanya.

Tupange wiki 12. Wakati mzuri wa Elgon ni kiangazi, Disemba hadi Februari, kwa hiyo anayetaka kupanda katikati ya Januari anaanza katikati ya Oktoba. Najua, watu wa Trans Nzoia mtanipigia kelele: Oktoba na Novemba ni kuvuna mahindi! Basi tuhesabu mavuno kama sehemu ya mazoezi. Siku uliyobeba magunia ni siku ya nguvu, usiongeze nyingine. Lakini haihesabiki kama siku ya kutembea, kwa sababu hukupanda pumzi kwa muda mrefu. Watu wa Bungoma ambao wamevuna mapema hawana kisingizio.

Wiki nne za kwanza, tembea haraka mara tatu kwa wiki, dakika 30 hadi 45, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Shuka kwenye boda kilomita 3 kabla ya nyumbani. Mwisho wa wiki ongeza matembezi marefu ya lisaa limoja na nusu. Usikimbie kama hukuzoea kukimbia. Magoti ya miaka 45 hayapendi kushtuliwa. Usiongeze muda zaidi ya sehemu moja ya kumi kila wiki, na kila wiki ya nne upunguze ili mwili ujenge ulichobomoa. Hapo kwenye kupunguza ndipo watu wanaharibu, wanaona kama ni uvivu.

Wiki ya tano hadi ya nane tafuta kilima. Bungoma mna Sang'alo, na watu wa Webuye wana Chetambe juu ya mji, mahali ambapo Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Ukipanda pale mara nne utajua kwa nini walichagua kukaa juu. Watu wa Kitale ambao mji wenu ni tambarare, pandeni matatu hadi Kachibora, halafu mtembee njia ya kupanda kuelekea Kapcherop. Kama nauli hakuna, ngazi za jengo lolote refu mjini zinafaa, omba ruhusa kwa askari wa mlango. Matembezi marefu yafike masaa matatu. Sasa beba begi: gorogoro mbili za mahindi ni kama kilo 4, zinatosha kuanza. Akina mama, libebeni mgongoni, si kichwani, kwa sababu mlimani litakuwa mgongoni.

Wiki ya tisa hadi ya kumi na moja, matembezi marefu yawe masaa manne hadi matano ya kupanda na kushuka, na begi la kilo 6 au 7. Vaa viatu na soksi zile zile za mlimani. Wiki ya mwisho pumzika, tembea kidogo tu. Mazoezi ya wiki ya mwisho hayakuongezei nguvu, yanakuongezea uchovu.

Kushuka kunasahauliwa

Waliofika juu mwaka jana wengi walishuka wakilia. Siku ya pili hawakuweza kukaa chooni, samahani kwa kusema hivyo, lakini mnajua ni kweli. Wakati wa kupanda misuli ya mapaja inajikunja ikisukuma. Wakati wa kushuka inanyooshwa huku imebeba uzito wote, kama breki za lori linaloteremka. Hiyo inaumiza misuli isiyozoea, na uchungu unakuja siku ya pili na ya tatu.

Mazoezi ya breki ni haya. Simama kwenye ngazi au tofali imara, shusha mguu mmoja pole pole ukihesabu mpaka nne, kisigino kiguse chini, rudi juu. Mara 8 kila mguu, pumzika, rudia mara tatu. Fanya siku mbili kwa wiki. Ongeza kukaa na kusimama kwenye stuli bila kushika kwa mikono, na kuinuka kwa vidole vya miguu ukishikilia ukuta. Dakika 20 zinatosha, hata sufuria ikiwa jikoni. Mwanzoni utaumwa kidogo, usiogope. Baada ya mara tatu nne mwili unazoea na hauumizwi tena kwa kiasi kile.

Ukifanya mazoezi kilimani, kuna ujanja mmoja: beba uzito kwa maji kwenye mtungi badala ya mahindi. Ukifika juu mwagia mti ule ulio karibu, ushuke ukiwa mwepesi. Magoti yatakushukuru. Na fimbo si ya wazee tu. Kata mbili, zinafika kiwiko, zitumie hasa wakati wa kushuka.

Siku yenyewe

Hapa nitapita haraka. Viatu viwe na kidole kimoja cha nafasi mbele, kwa sababu wakati wa kushuka vidole vinagonga; kata kucha siku mbili kabla. Mitumba ya Kitale ina viatu vizuri vya ngozi kwa anayetafuta kwa subira, lakini vizoeeni wiki 6 kabla. Gumboot ni ya shambani. Juu kuna baridi ya kuganda usiku na mvua hushuka ghafla mchana, kwa hiyo koti la mvua na sweta hata kama Kitale jua linawaka. Kuleni kidogo kidogo njiani: ndizi, viazi vitamu, njugu. Kunyweni maji kabla ya kiu.

Pangeni mapema na ofisi ya KWS pale Chorlim na mfuatane na askari wao. Kuna nyati na ndovu, na mlima ni mpana. Kabla ya kuanza kukubalianeni saa ya kugeuka. Mimi ningesema saa saba mchana: aliyefika amefika, asiyefika anageuka, na hakuna kumcheka. Mtu wa polepole zaidi atangulie mbele, si nyuma. Hilo moja tu lingebadilisha safari ya mwaka jana, kwa sababu wa nyuma kila akifika wenzake wanapopumzika, wenzake wanaondoka, na yeye hapumziki kabisa.

Yule mama wetu sasa damu yake imefika 12 na kidogo. Anapanda kilima cha kwao Jumatano na Jumamosi akiwa na wenzake wanne, na majirani walioanza kwa kucheka sasa wanauliza kama kuna nafasi. Ameandikisha jina lake kwa Januari.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika kikundi chenu, nani alirudi njiani, na ni nini hasa kilimrudisha? Msikilizeni mpaka amalize.

2. Ni wangapi kati yenu wamewahi kupimwa damu wasipokuwa wajawazito au wagonjwa? Zahanati iliyo karibu inapima siku gani?

3. Kuna kilima gani mnachoweza kufikia bila nauli? Nani atawaangalia watoto wadogo wakati akina mama wanapanda?

4. Mtu akiambiwa ageuke mita 100 kabla ya kilele na anakataa, nani ana ruhusa ya kuamua? Mkubaliane mkiwa bado nyumbani.